Mpishi hafunzwi kwa kuonja tu
Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, kilianzisha shahada ya uzamili ya uandishi wa kubuni mwaka wa 1970. Ian McEwan, Anne Enright na Kazuo Ishiguro ni wahitimu wake. Wote watatu wameshinda tuzo ya Booker. Ishiguro akaongeza Nobel mwaka wa 2017.

Je, sifa hizo ni za chuo? Si zote. Kipaji hakigawiwi darasani. Ila darasani mswada husomwa na wenzako, ukakosolewa, ukauandika upya.

Sisi je? Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuchambua riwaya za wengine miaka minne, akahitimu bila kuandika hata hadithi moja. Halafu twalalamika ati waandishi wapya hawaonekani. Watatoka wapi, jamani?