Ufa wa Muhuri si Ubovu wa Sarafu

Neno "hela", litamkwalo kila mtu adaipo deni, asili yake ni Heller, sehemu ya mia ya rupia ya Wajerumani tangu 1904. Lugha iliyoikopa sarafu hiyo hata ikawa jina la fedha zote ingetazamiwa kuwa na maneno ya kueleza kasoro zake. Sivyo. Katika maelezo tuliyoyaona Busale, wilayani Kyela, yakiambatana na hela chache za kale, neno "mbovu" limetumika kwa sarafu iliyokwaruzwa, kwa yenye tundu, na kwa yenye mstari uliovimba juu ya taji. Mtafsiri ameunganisha mambo yasiyo na udugu.

Tuanze na chombo. Wako wakiitao kalibu, hatukubaliani nao. Kalibu humiminiwa madini yaliyoyeyuka, lakini hela hizi hazikumiminwa, zilipigwa: kipande cha madini baridi huwekwa baina ya vyuma viwili vilivyochongwa kinyume, kikagandamizwa kwa nguvu. Twapendekeza "muhuri", neno ambalo karani yeyote analijua. Muhuri ukipasuka, madini hujipenyeza ndani ya ufa, na kila sarafu ifuatayo hutoka na mstari ulioinuka mahali palepale. Mkwaruzo wa msumari huzama chini ya uso, nao ni wa sarafu moja tu.

Hela 20 za 1916, zenye herufi T, ni mfano bora. Pwani ilipofungwa na manowari za Uingereza, Wajerumani walizipiga katika karakana ya reli, Tabora, kwa shaba nyekundu na ya njano. Mihuri ilikuwa zaidi ya mmoja, ndiyo sababu taji ni kubwa katika baadhi na dogo katika nyingine. Hilo si kosa hata kidogo; ni tofauti ya mihuri.

Tundu nalo lisihukumiwe upesi. Hela 10 zilipigwa na tundu katikati tangu 1908, kama senti 10 za Afrika Mashariki baadaye. Lakini tundu lililokata herufi ukingoni ni kazi ya mtu aliyetaka kidani.

Mambo haya si mzaha wa wakusanyaji. Mwenye hela akiambiwa ni mbovu huiuza kwa bei ya chakavu, au huisugua kwa mchanga wa ziwa na ndimu ili ing'ae, na ushahidi wa karakana ya Tabora ukafutika.

Kwa hiyo twaandika "ila ya muhuri" kwa ufa na mmeguko, na "dhara la matumizi" kwa mikwaruzo na matundu ya baadaye. Sarafu iliyoponyoka ikapigwa upande, ilhali mihuri ni mizima, tungeiita yenye "kosa la mpigo". Neno hili la mwisho linatutia shaka, kwa kuwa wapiga ngoma wana haki nalo zaidi. Walimu watakaolijaribu darasani watuandikie.