Mfumo wa Maziwa: Kagueni Kabla ya Kulipia

Endarasha, chini ya safu za Aberdare, ni nchi ya viazi, kabeji na ng'ombe wa maziwa. Chama cha ushirika kikitaka kuachana na vitabu na kutengenezewa programu yake, fundi huanza kwa kuonyesha grafu za rangi. Zisiwashughulishe. Ubora wa mfumo huonekana pale maziwa yanapotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Muulizeni kwanza: unahesabu kilo au lita? Akijibu kwamba ni mamoja, tafuteni fundi mwingine. Lita 100 za maziwa zina uzito wa karibu kilo 103. Karani akipima kwa kilo kando ya barabara, tangi la kupozea likasomwa kwa lita, na programu ikazichukua namba zote kama kitu kimoja, kila siku utaonekana upungufu wa karibu asilimia 3 ambao haupo. Mbeba maziwa atashukiwa bure, na mwizi wa kweli atapata pa kujificha. Mfumo mzuri huandika kilichosomwa pamoja na kipimo chake, kisha hugeuza kilo kuwa lita mahali pamoja tu, kwa hesabu ambayo mweka hazina anaweza kuifuata.

Maziwa yaliyokataliwa nayo yaandikwe: ya nani, kiasi gani, yaliganda kwa alkoholi au laktometa ilionyesha maji. Karani akilazimika kuandika sifuri, aliyekataliwa hatofautiani na asiyekamua.

Fundi stadi mimi humtambua kwenye kosa. Mwambieni arekebishe mbele yenu namba ya juma lililopita: mwanachama alileta kilo 18, akaandikiwa 81. Fundi mbovu atafuta 81, ataandika 18, aseme tayari. Aliye stadi hawezi kufanya hivyo hata akitaka, maana amejenga mfumo ambao 81 inabaki palepale, na chini yake linaingia sahihisho lenye saa, sababu, jina la aliyelifanya na la aliyeliidhinisha. Daftari la wino lilikuwa na adabu hiyo: namba ilikatwa mstari, sahihi ikawekwa pembeni. Sioni sababu ya kulipia programu iliyo na adabu ndogo kuliko daftari. Ukali uwe huohuo kwa namba ya M-Pesa ya mkulima: ikibadilishwa, waidhinishe watu wawili, na mwenyewe apate ujumbe kwenye namba ya zamani.

Kisha zimeni mtandao. Pimeni maziwa, toeni risiti, uwasheni tena. Kila kipimo kiingie mara moja, kisipotee wala kujirudia.

Mkataba useme wazi kwamba data ni ya chama, na msimbo mtakabidhiwa. Nakala rudufu msiambiwe tu kwamba ipo. Irejeshwe kwenye kompyuta nyingine mkiona. Vitambulisho na simu za wanachama vinalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kwa hiyo ulizeni nani anaweza kuvifungua.

Mwisho, chukueni vitabu vya mwezi uliokwisha kulipwa, viingizeni vyote, pamoja na makato ya chakula cha ng'ombe na mikopo, mlinganishe malipo ya kila mwanachama hadi senti. Tofauti ikitokea na fundi asiweze kuieleza, msitie sahihi.