Gijón 1982: Njama Isiyohitaji Kikao

Tarehe 25 Juni 1982, katika uwanja wa El Molinón mjini Gijón, Hispania, Ujerumani Magharibi iliifunga Austria 1-0 kwenye mechi ya mwisho ya kundi lao la Kombe la Dunia. Goli lilikuja dakika ya 10: Pierre Littbarski akapiga krosi, Horst Hrubesch akaimalizia. Baada ya hapo mechi ikaanza kufa kidogo kidogo, na kipindi cha pili ikazikwa kabisa. Beki anampasia beki, mpira unavuka katikati hatua chache, unarudishwa hadi kwa kipa, kipa anaudaka kwa mikono, anampa beki, safari inaanza upya. Wakati huo hayo yaliruhusiwa. Sheria ya kumzuia kipa kudaka pasi ya mwenzake ilikuja mwaka 1992. Jukwaani Waalgeria wakapunga noti za pesa. Mtangazaji wa Austria, Robert Seeger, akawashauri watazamaji wake wazime televisheni.

Tangu siku ile watu wanauliza: walikutana wapi, nani alimfuata nani? Naona swali hilo linatupoteza. Njama ya Gijón haikuhitaji kikao wala simu, kwa sababu kila kitu kilichopaswa kuzungumzwa kilikuwa kimeshaandikwa kwenye msimamo wa kundi.

Tuanze na hesabu. Enzi hizo ushindi ulikuwa pointi 2. Algeria, iliyokuwa imeishangaza dunia kwa kuifunga Ujerumani 2-1 kwa magoli ya Rabah Madjer na Lakhdar Belloumi, ilikuwa imemaliza mechi zake zote ikiwa na pointi 4. Austria ilikuwa nazo 4 pia, ikiwa na mechi moja mkononi. Ujerumani ilikuwa nazo 2. Sare ingeing'oa Ujerumani. Ujerumani ikishinda kwa magoli matatu au zaidi, Austria ingeaga na Algeria ingepita. Ikishinda kwa goli moja au mawili, majirani hawa wawili wangepita pamoja. Dirisha lilikuwa jembamba, lakini kila mchezaji aliyeingia uwanjani alilijua, maana Algeria ilikuwa imecheza na Chile siku moja kabla.

Mechi hiyo ya Algeria na Chile ndiyo naiona ufunguo, na wengi huipita haraka. Hadi mapumziko Algeria iliongoza 3-0. Kama matokeo yangebaki hivyo, ingemaliza na magoli matano ya kufunga na matatu ya kufungwa, na ushindi wa Ujerumani wa 1-0 ungeiondoa Austria kwa idadi ya magoli ya kufunga. Yaani matokeo yale yale ya Gijón yangempitisha mmoja na kumwangamiza mwingine, na Austria ingelazimika kushambulia hadi filimbi ya mwisho. Kipindi cha pili Chile ikarudisha mawili, ikawa 3-2. Magoli hayo mawili ndiyo yaliyofungua dirisha.

Sasa tazama kwa nini 1-0 ilisimama imara kiasi kile. Austria ikifunga, Ujerumani imetoka, kwa hiyo ingevamia kwa nguvu zote, na nani ajuaye yangeishaje. Ujerumani ikiongeza la pili, Austria inabaki goli moja tu kutoka shimoni, nayo ingeamka. Kila upande ulishika shingo ya mwenzake, na kila upande ulimwona mwenzake papo hapo. Anayevunja mapatano anaonekana sekunde ile ile na anaadhibiwa dakika ile ile. Hapo hakuna haja ya kuaminiana wala kuahidiana. Na aliyelipa gharama yote, Algeria, hakuwa na mguu hata mmoja uwanjani.

Linganisha na mwaka 2016 hapa Tanzania, Kundi C la Daraja la Kwanza. Geita Gold na Polisi Tabora zilikuwa zikifukuzana kwa tofauti ya magoli kuwania nafasi ya kupanda Ligi Kuu. Siku ya mwisho Geita ikaifunga JKT Kanembwa 8-0, na Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro 7-0. Kamati ya nidhamu ya TFF ikazitia hatiani kwa kupanga matokeo, timu zote nne zikashushwa daraja, na Mbao FC ya Mwanza ikapanda. Ile ilikuwa njama ya aina nyingine. Timu inayofungwa nane haipati chochote kwenye msimamo. Lazima sababu itoke nje ya uwanja, na sababu ya nje huacha alama. Gijón haikuacha alama yoyote. Algeria ililalamika FIFA, malalamiko yakatupwa, kwa sababu hakuna kanuni iliyovunjwa.

Siasani ramani ni ile ile. Mei 2013 wabunge wa Kenya wa Jubilee na Cord, mirengo iliyokuwa imetoka kushtakiana Mahakama ya Juu kuhusu urais miezi miwili tu nyuma, walipiga kura pamoja kufuta tangazo la Tume ya Mishahara lililowapunguzia malipo hadi shilingi 532,500 kwa mwezi. Wananchi waliandamana na nguruwe hadi kwenye lango la Bunge, lakini mlipa kodi hakuwa na kura ndani ya ukumbi. Mwishowe wabunge walibaki na mshahara ule uliopunguzwa, lakini wakapewa ruzuku ya shilingi milioni 5 kila mmoja ya kununua gari.

Kwenye mnada wa samaki nako wanunuzi wale wale wanaokutana kila alfajiri huwa wanajuana. Anayepandisha bei leo kwa samaki anaowataka mwenzake, kesho atapandishiwa. Wakishazoea, bei inalala bila mtu kufungua kinywa, na mvuvi anarudi baharini akidhani soko limeshuka.

Kwa hiyo tiba haipatikani kwa kusubiri mtu aungame. FIFA, baada ya aibu ile, iliamua mechi za mwisho za kundi zichezwe kwa wakati mmoja. Ilisaidia sana, ingawa haikufunga kila tundu. Euro 2004 Denmark na Sweden zilijua mapema kwamba sare ya 2-2 ingeitoa Italia hata ikishinda mechi yake. Zikatoka 2-2, goli la kusawazisha likiingia dakika ya 89. Sisemi walipanga, nasema ratiba ya wakati mmoja haizuii kitu kinachojulikana tangu asubuhi.

FIFA ilipotaka Kombe la Dunia la 2026 liwe na makundi ya timu tatu tatu, ingekuwa imerudisha Gijón kwa mikono yake, kwani daima timu moja ingekaa nje siku ya mwisho. Machi 2023 ikabadili mawazo na kurudi kwenye timu nne, ikitaja wazi hatari ya njama. Lakini katika muundo huo timu nane zilizoshika nafasi ya tatu hupita pia, na makundi hayamalizi siku moja. Kundi linalomaliza mwisho linaingia uwanjani likijua pointi na magoli yanayotosha, wakati waliomaliza mapema wamekaa hotelini wakiangalia televisheni.