Ubavu wa Kushoto

Picha yangu ya kwanza ya papa potwe ilikuwa ya mkia. Ya pili, mkia tena. Ya tatu mapovu matupu. Nahodha alinitazama nikipanda mashuani Kilindoni huku nahema, akaniambia, "Mwanangu, huyo hakimbizwi. Mtangulie, umngoje."

Ufundi wenyewe nimeuanzia hapo. Msimu wa kaskazi, uduvi na dagaa wanapojaa karibu na kisiwa cha Mafia, potwe huja juu kula, kinywa wazi kama mdomo wa kapu. Nyama ya mtu hana haja nayo. Yeye huchuja maji. Ila mpole si mvivu: akipiga mkia mara mbili tatu, keshakupita. Basi unashuka mbali mbele yake, taratibu, bila kurusha maji, unabana pumzi na kutulia.

Na maji yale hayana usafi wa kwenye kadi za watalii. Uduvi uleule unaomleta ndio unaoyatia ukungu wa kijani. Ukiwasha taa ya kamera, kila chembe inang'aa, kama umemwagia chumvi mbele ya lenzi. Kwa hiyo taa inabaki mashuani (naye asisumbuliwe), unategemea jua lililo mgongoni mwako na lenzi pana ya kupigia karibu, mita tatu hivi. Zaidi ya hapo unapiga picha ya maji.

Kisha madoa! Pwani ya Kenya humwita papa shilingi. Husimuliwa kwamba Mungu alimmwagia sarafu mgongoni. Kila potwe ana mpangilio wake, na watafiti huutafuta ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua, juu ya pezi. Mwaka 2005 ilichapishwa njia ya kuyalinganisha madoa hayo kwa kanuni ya kompyuta iliyobuniwa kwanza kwa wanaolinganisha picha za nyota.

Picha ya ubavu haina urembo. Haina kinywa wala jicho, na mhariri mmoja alinirudishia akiuliza samaki yuko wapi. Mimi siibadilishi kwa nyingine. Siku niliyoipata, nilimwonyesha nahodha kwenye kioo cha kamera. Alikikinga jua kwa kiganja, akaweka kidole kwenye madoa matatu yaliyokaa kama mafiga.

"Huyu," akasema, "juzi tulikuwa naye kwenye nyavu za dagaa."