Mtu wa Tatu Maabarani

Hadithi za maabara hupenda wahusika wawili tu. Wa kwanza ni mwanasayansi: ana koti jeupe, ana ndoto kubwa, na kuna jambo analolikimbilia mpaka anasahau kula. Wa pili ni mnyama: amefungiwa, anatazama, na msomaji anajua mapema kwamba siku moja mlango utafunguka. Katikati yao kuna mtu anayeshika ufunguo. Huyo waandishi hawamjui sana. Mimi namjua kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Ni teknishani mkuu wa wanyama katika kituo cha utafiti wa tiba hapa Nairobi, mwaka wa kumi na moja huu. Nikilitaja hilo kwenye sherehe, mtu hucheka kwanza, "Ati unalisha panya?" Halafu anasogea karibu na kuuliza lile swali lenyewe: na huwa mnawaua? Naona maswali hayo mawili, la kicheko na la hofu, ndiyo yanayoendesha karibu kila kitabu na kila muvi iliyowahi kuingia katika chumba kama changu. Mimi huzitazama kama dereva wa matatu anavyotazama muvi ya magari kufukuzana. Nafurahia, lakini jicho liko kwenye gia.

Anza na Rise of the Planet of the Apes ya 2011, ambayo nadhani wengi wenu mmeiona. Will Rodman anatafuta dawa ya ugonjwa wa kusahau unaomla baba yake. Sokwe jike aliyepewa dawa hiyo anacharuka, anavunja vioo, anapigwa risasi. Wakubwa wanaamua kwamba dawa imemtia wazimu, na sokwe wote wanahukumiwa kifo. Anayegundua ukweli ni Franklin, mtunzaji wao: mama huyo alikuwa amejifungua mtoto na alikuwa anamlinda. Franklin ndiye anayeshindwa kumuua mtoto na kumkabidhi kwa Will. Mtoto huyo ni Caesar. Kumbe muvi nzima, pamoja na zote zilizofuata, imesimama juu ya uamuzi wa teknishani mmoja aliyekataa.

Sasa angalia anavyolipwa. Miaka inapita, dawa mpya inapulizwa kwa sokwe, vurugu kidogo inatokea, barakoa ya Franklin inavuka usoni, anavuta hewa. Anaugua. Anaenda kumtafuta Will nyumbani, anampigia chafya ya damu jirani ambaye ni rubani, kisha anakufa peke yake. Kwake hakuna mazishi wala mtu wa kumlilia. Mwili wake umetumika kama daraja la kupitishia virusi hadi uwanja wa ndege, basi.

Najua mtasema ni muvi ya kusisimua na lazima mtu afe. Sawa. Lakini tazama Franklin alichokijua. Hakuna mtu anayefanya kazi hii vizuri ambaye angeshangaa kwamba sokwe ana mimba. Mimi hushughulika na panya, ambao hubeba mimba ya kama wiki tatu tu, na bado naiona tumboni, naiona kwenye kiota anachoanza kujenga kwa karatasi tunazompa. Tunaandika kwenye kadi ya kizimba. Muvi ilihitaji siri, kwa hiyo ikamfanya mtu ambaye kazi yake yote ni kutazama awe hakutazama. Hapo ndipo unapojua kwamba aliyeandika hakuwahi kumuuliza mtunzaji yeyote siku yake inaendaje.

Riwaya ya Richard Adams, The Plague Dogs, ya 1977, ina hasira zaidi na inajua mengi zaidi. Mbwa wawili, Rowf na Snitter, wanatoroka kituo cha utafiti huko kaskazini mwa Uingereza. Rowf amekuwa akizamishwa kwenye tangi la maji mpaka afe kidogo, kisha anafufuliwa ili azamishwe tena. Snitter amepasuliwa ubongo. Kinachoumiza zaidi ni kwamba Rowf anaamini kosa ni lake, kwamba mbwa mwema angeweza kustahimili yale maji. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikakiweka siku mbili. Adams anaelewa kitu ambacho makaratasi yetu hayana kisanduku chake: mnyama anayekuamini atatafuta sababu ya kuendelea kukuamini.

Lakini mtunzaji wao, Tyson, ni nani? Mbwa wanamwita kwa harufu ya tumbaku yake. Anakuja na ndoo, anafagia, anaondoka, na jioni moja haufungi sawasawa mlango wa Rowf. Hivyo ndivyo hadithi inavyoanza. Dhamiri ya kitabu amepewa mwingine: Powell, mwanasayansi kijana, ambaye mwishowe anamtoa tumbili aliyefungiwa peke yake gizani. Yaani katika maabara ya Adams mwenye shahada ndiye anayeweza kujuta. Mwenye ndoo anaweza tu kusahau komeo. Nampenda Adams kwa hasira yake, lakini hapo amewagawia watu roho kwa kufuata ngazi ya mishahara.

Haya, kazi yenyewe ikoje? Taa zinawaka saa kumi na mbili, zinazima saa kumi na mbili. Kuna joto la kupima, unyevu wa kupima, maji, chakula, maranda ya kubadilisha. Krismasi wanakula. Siku ya uchaguzi wanakula. Siku ya maandamano, matatu zikikosekana, mtu anatembea kwa miguu kutoka Kangemi kwa sababu panya hajui siasa. Na muda wote huo unatazama. Manyoya yamesimama? Mgongo umejikunja? Macho yamebanwa na masikio yamerudi nyuma? Hayo ni maumivu, na mtafiti aliye ghorofa ya juu mbele ya kompyuta hawezi kuyaona. Nikipiga simu kusema huyu hafiki kesho, jaribio lake linasimama. Hiyo ndiyo nguvu niliyo nayo. Si kubwa, ila ipo.

Sayansi yenyewe imeanza kukiri kwamba mtu wa tatu yumo chumbani. Mwaka 2010, Jane Hurst na Rebecca West wa Chuo Kikuu cha Liverpool walionyesha kwamba panya anayeinuliwa kwa mkia anakuwa na wasiwasi kuliko anayebebwa kwenye viganja au anayeingia mwenyewe ndani ya bomba dogo. Mwaka 2014, kundi la Jeffrey Mogil huko McGill, Kanada, liligundua kwamba harufu ya wanaume, hata ya fulana waliyovaa tu, huwatia panya mfadhaiko mkubwa kiasi cha kupunguza maumivu wanayoyaonyesha. Nilipowasomea wenzangu wa kiume hiyo ya pili hawakufurahi, bana. Lakini fikiria maana yake: mikono yangu, jasho langu, jinsi nilivyoamka leo, vyote vimo ndani ya matokeo. Makala itachapishwa na majina manane juu yake. Mimi nitakuwa kwenye mstari wa shukrani, nikibahatika.

Kitabu kimoja kinakaribia. Daniel Keyes alichapisha Flowers for Algernon kama hadithi fupi mwaka 1959, kisha akaipanua kuwa riwaya mwaka 1966. Charlie Gordon, mfanyakazi wa kiwanda cha mikate mwenye akili nzito, anapasuliwa ili awe na akili nyingi, baada ya panya Algernon kufanyiwa vivyo hivyo. Watu husoma kitabu hiki kama hadithi ya akili. Mimi nakisoma kama hadithi ya mtunzaji. Charlie ndiye mtu pekee katika fasihi ya maabara aliyefika akitoka upande wa ufagio. Anashindana na Algernon, anamchukia, anamhurumia, anaondoka naye, anaishi naye chumba kimoja. Algernon anapoanza kuharibika, Charlie anaona kabla ya maprofesa, kwa sababu ndiye aliyekuwa anatazama. Na panya anapokufa, Charlie hakubali atupwe kwenye tanuri kama wengine. Anamzika uani na kumwekea maua.

Mwaka huohuo wa 1959, Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, walitoa kitabu kilichojenga maadili ya kazi yetu hadi leo: mnyama aondolewe panapowezekana kutumia njia nyingine, idadi ipunguzwe, na mateso yapunguzwe. Ni kanuni nzuri na mimi huzifundisha. Lakini hazisemi ufanye nini na moyo wako saa nane mchana baada ya jaribio kuisha. Keyes, katika mwaka uleule, alisema: maua. Sidhani mmoja anamtosha mtu bila mwingine.

Maana kuna hiyo saa nane. Makala za Kiingereza huwa na neno lake, kwamba wanyama "walitolewa kafara." Nimelifikiria sana neno hilo kwa Kiswahili. Kafara kwetu ina mtoaji, ina anayepokea, na ina shida inayoondolewa. Aliyetoa anajulikana kijiji kizima. Kwenye makala hakuna mtoaji. Sentensi imejengwa ili mkono usionekane. Mkono huo ni wangu. Mnyama hauliwi mbele ya wenzake, hashikwi kwa pupa, na mimi siku hiyo sifungui redio. Mwanafunzi mmoja wa mafunzo ya kazini aliwahi kuniuliza nawezaje kumpenda mnyama kwa miezi sita kisha nimuue. Nilimwambia kwamba kama ni lazima afe, heri afe mikononi mwa anayemjua. Jibu hilo nalisimamia, ingawa haliniletei usingizi kila siku.

Ndiyo maana nimechoka na hadithi ambazo mlango hufunguka. Mnyama akitoroka, msomaji naye ametoroka. Anafunga kitabu akiwa upande wa mbwa, halafu anameza dawa. Chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa Homa Bay Septemba 2019 ilipitia panya na tumbili kabla ya kumfikia mtoto yeyote. Mimi ninayetoka nyumbani ambako malaria ilizika watu sitaisema vibaya chanjo hiyo. Wala sitakubali msomaji aipokee huku akidhani mwenye damu mikononi ni mimi peke yangu. Fasihi ndiyo ingeweza kutuketisha wote wawili kwenye benchi moja, na bado haijafanya hivyo.

Na fasihi yetu? Ngano zetu zimejaa wanyama kuliko kitabu chochote cha Adams. Sungura anamhadaa fisi, anamhadaa simba, anakimbia na mali. Lakini sungura huyohuyo yuko kwenye vizimba vya watafiti wa Nairobi, kimya, na hakuna msimulizi aliyemfuata huko. Taasisi ya utafiti wa nyani, iliyoanzishwa enzi za Louis Leakey, iko pale Karen, na sijawahi kukutana na hadithi ya Kiswahili inayopita lango lake. Wanaoshika mashine ya kufulia vizimba, wanaovaa gambuti na ovaroli, ni wasomaji wa Kiswahili. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo.

Kama wewe unayesoma hapa unaandika hadithi, wacha nikupe kazi. Usitorosheshe mnyama. Usimpe teknishani ugonjwa katika ukurasa wa tano. Mfanye aingie Jumapili asubuhi, jengo zima tupu, abadilishe maranda kwenye vizimba arobaini, afike cha arobaini na moja na kuona kwamba mmoja amejikunja. Mwache asimame hapo na simu mkononi, akijua akipiga mtu atapoteza matokeo ya miezi minne, na asipopiga mnyama atateseka mpaka Jumatatu. Usimwokoe haraka. Nitakuwa wa kwanza kukisoma, na nitakuambia kama umemjua.