Jaribio la Thika na msimu wa pamba Bariadi

M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007, lakini ilianza kujaribiwa Oktoba 2005. Safaricom na Vodafone waliwachukua wateja wasiofika 500 wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya, wa Nairobi na Thika, wakawawekea mawakala wachache. Lengo lilikuwa moja: mteja apokee mkopo na kulipa marejesho kwa simu.

Wateja wakaitumia wapendavyo. Mfanyabiashara aliweka mauzo ya siku kwenye simu, benki zikiwa zimeshafungwa. Msafiri aliweka fedha kabla ya kupanda gari, akazitoa alikofika. Wengine waliwarushia ndugu zao vijijini muda wa maongezi. Matatizo nayo yalijitokeza mapema: watu walisahau namba za siri, hesabu za marejesho ziliisumbua Faulu, na vikao vya vikundi vilipoteza maana kwa kuwa mwanachama aliweza kulipa bila kufika.

Hapo ndipo uamuzi ulipofanyika. Mikopo iliwekwa kando, huduma ikazinduliwa kwa ujumbe wa kutuma pesa nyumbani. Dodoso lingeuliza kuhusu mikopo na kujibiwa kuhusu mikopo. Matumizi ndiyo yaliyofichua haja yenyewe.

Vodacom ilileta M-Pesa Tanzania Aprili 2008. Miezi 14 baada ya uzinduzi, Kenya ilikuwa na wateja milioni 2.7, Tanzania ilipofikia umri huohuo ilikuwa na 280,000. Ukubwa wa nchi, ushindani wa kampuni za simu na uchache wa mawakala vilichangia. Lakini pia majibu ya Thika yalikuwa ya watu wa Thika.

Kule Bariadi, mkoani Simiyu nchini Tanzania, pesa nyingi huingia kwa msimu wa pamba. Anayetengeneza leo mfumo wa kumlipa mkulima wa pamba wa Simiyu akiujaribu Januari, mkulima akiwa kwenye palizi, ataambiwa kila kitu kiko sawa. Aujaribu kuanzia Mei, siku AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, inapolipa wanachama wengi kwa mpigo na wakala anaishiwa fedha taslimu kabla ya saa sita. Aangalie nani anatoa zote, nani anabakiza, na nani anampa mwanawe simu amsomee ujumbe. Kisha ndipo aamue kipi kibaki na kipi kiondolewe.