Saa ya Maji Redioni: Msikilizaji Hupotelea Wapi?

Redio nyingi za wilaya nchini Tanzania zina kipindi ambacho ukikisikiliza mara mbili umekisikiliza mwaka mzima. Kibwagizo kirefu, kisha mtangazaji anataja masafa, anasalimia kata moja baada ya nyingine, anamkaribisha mgeni kutoka halmashauri na kumwomba ajitambulishe. Mgeni anamshukuru Mungu, anaushukuru uongozi wa redio, anawashukuru wakuu wake wa kazi. Mada ni maji. Inapofika dakika ya 11 ndiyo kwanza neno "maji" linatamkwa, na kijana wa bodaboda aliyekuwa akisikiliza kwenye spika ya pikipiki yake amekwisha kuhamia kituo cha Dar es Salaam, wanakobishana juu ya mabeki wa Simba na Yanga.

Nimefanya kazi ndani ya studio ya namna hiyo, na kwa muda mrefu tulipeana sababu ya kujifariji: watu hawataki maneno, wanataka muziki. Si kweli. Kijana yule hakuhamia muziki. Alihamia maneno matupu, ya watu watatu wanaokatana kauli kwa saa nzima. Nchi hii inapenda mazungumzo. Pita kijiwe chochote cha kahawa, Kariakoo au Kigoma, utawakuta watu waliokuja kunywa kikombe kimoja na bado wamekaa jua likizama. Kasoro iko katika namna saa yetu ilivyoundwa, na muundo unaweza kufunguliwa ukakaguliwa kama fundi anavyofungua injini.

Tuanze na huo mpira, kwa sababu ndio uliotushinda. Kipindi cha uchambuzi wa soka kina tukio la jana ambalo kila mtu amelisikia, na mechi ya keshokutwa ambayo hakuna anayejua itaishaje. Kina watu wanaotofautiana kwelikweli. Majina ni yale yale kila siku, kwa hiyo anayefungua redio katikati hapotei. Zaidi ya yote, anayezungumza anajua anachokizungumza: ameitazama mechi, anakumbuka bao la msimu uliopita, akidanganya atasahihishwa papo hapo. Sasa rudi kwenye saa ya maji. Mtangazaji alipewa mada asubuhi ile ile na hajafika kisimani. Mgeni akisema "mchakato unaendelea," hakuna wa kumuuliza ulianza lini na umefika wapi, kwa kuwa swali la pili huzaliwa na kujua, na mtangazaji aliandaliwa swali la kwanza tu.

Saa hiyo imejengwa kama kikao. Ina ufunguzi, utambulisho, mada, maswali, majibu na neno la shukrani. Utaratibu huo unafaa ukumbini, ambako watu wameingia pamoja na ni aibu kutoka kabla ya mwenyekiti. Msikilizaji wa redio yuko peke yake na kidole kiko kwenye kitufe. Nchini Marekani, kwa miongo mingi, wapimaji wa wasikilizaji waliikata saa katika robo nne, na mtu alihesabiwa katika robo akisikiliza walau dakika 5 ndani yake. Kipimo hicho kinamfundisha mtayarishaji hata wa kituo ambacho hakijawahi kupimwa: watu huingia na kutoka wakati wote, na kila robo saa inabidi ijitegemee. Mama anayewasha redio saa 3:20 asubuhi huku akimenya viazi hakuusikia utambulisho. Asipoambiwa mapema anayesema ni nani, wanazungumzia kisima kipi na ugomvi uko wapi, kwake hizo ni sauti za watu wawili wanaokubaliana. Watangazaji wetu hulitaja jina la kituo kila baada ya dakika chache. Jambo linalozungumzwa hulitaja mwanzoni, basi.

Halafu simu zinafunguliwa, na hapa ndipo nilipoumia zaidi nilipokuwa mitamboni. Kituo kidogo mara nyingi hakina kifaa cha kuiunganisha simu na mitambo, kwa hiyo mtangazaji huiweka simu yake ya mkononi kwenye spika na kuisogeza karibu na maikrofoni. Simu ya kawaida hubeba sauti ya takriban hezi 300 hadi 3,400, ilhali FM inaweza kufikisha hezi 15,000. Tayari mpigaji anapita kwenye tundu jembamba. Ongeza mwangwi wa chumba, ongeza redio yake mwenyewe inayolia nyuma yake, na nusu dakika inaishia kwenye "punguza sauti ya redio yako ndugu msikilizaji." Anayepiga naye ni wa jana na juzi. Tuliwajua wote kwa sauti, kama walivyojulikana watuma salamu enzi za kadi: watu sita au saba wenye salio na ujasiri, wakiisemea wilaya nzima. Wengine wakisikia hivyo huona ile ni klabu, nao si wanachama. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp ungepunguza tatizo hili kwa gharama ndogo. Unapokelewa tangu asubuhi, unasikilizwa kabla, unachaguliwa wa mwanamke wa kijiji ambacho hakijawahi kusikika, na mara nyingi sauti yake ni safi kuliko ya simu iliyoelekezwa kwenye maikrofoni.

Lipo pia jambo la hofu. Agosti 2016 Serikali ilizifungia Radio 5 ya Arusha na Magic FM ya Dar es Salaam kwa madai ya kutangaza maudhui ya uchochezi. Kila meneja wa kituo cha wilaya aliielewa habari ile bila kufafanuliwa. Vituo vikubwa ng'ambo huwa na kifaa kinachochelewesha matangazo kwa sekunde chache, ili neno baya likatwe kabla halijaruka hewani. Kituo cha wilaya kina mkono wa mtangazaji tu. Basi mpigaji akianza kutaja jina la mtu, mkono unakata simu. Kikatwacho mara nyingi ni malalamiko halali, yaani kitu pekee ambacho kingemfanya jirani aongeze sauti.

Mnara sitauzungumzia sana, ingawa wakuu wa vituo hupenda kuulaumu. Mawimbi ya FM husafiri karibu katika mstari ulionyooka, kwa hiyo mnara wa mita 30 kwenye tambarare unafika kilomita ishirini na kitu hivi, na kuzidisha nguvu ya mtambo mara mbili hakuzidishi umbali mara mbili. Kilima huzaa matunda kuliko wati. Lakini nimewaona watu wanaoipata redio ya wilaya yao bila mkwaruzo wowote, nao hawaifungui.

Kuna sababu nyingine isiyosemwa vya kutosha, nayo ni lugha. Kenya, tangu Kameme FM ilipoanza kutangaza kwa Kikuyu mwaka 2000, redio za lugha za makabila zimejipatia ngome ambazo vituo vya Nairobi vya Kiswahili na Kiingereza haviwezi kuziingia kirahisi. Msikilizaji wa Kass FM anapata Kikalenjin, na hicho vituo vya Kiswahili na Kiingereza havimpi. Tanzania kanuni zinataka Kiswahili au Kiingereza. Sibishani na sera hiyo hapa, Kiswahili kimetujenga. Ninachosema ni matokeo yake ya kiufundi: redio ya Sengerema au Karagwe inasema lugha ile ile inayosemwa na kituo cha Dar es Salaam chenye watangazaji mashuhuri na mitambo ya fedha nyingi. Haina uzio. Kilichobaki cha kuitofautisha ni kujua mambo ya pale kuliko mtu mwingine yeyote, na hicho ndicho kipindi cha maji kinachokikosa.

Na kwa nini kinakikosa? Kwa sababu kujua kunagharimu. Watangazaji wengi wa redio za jamii wanajitolea au wanalipwa posho, na aliye hodari huchukuliwa na kituo kikubwa kabla wasikilizaji hawajamzoea. Saa inayolipiwa mara nyingi imelipiwa na mradi, na mradi unakuja na mada, wageni na idadi ya vipindi. Mradi ukiisha, kipindi kinakatika, hata kama watu walikwisha kukizoea. Mazoea ndiyo mtaji wa redio, nasi tunayavunja kila mwaka wa fedha.

Ila fedha za wahisani zenyewe si kikwazo, na ushahidi tunao nyumbani. Mwaka 1993 Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza mchezo wa Twende na Wakati, uliolenga uzazi wa mpango na UKIMWI, kwa mbinu zilizotokana na kazi ya Miguel Sabido wa Mexico. Mada zake zilikuwa zile zile ambazo mganga wa wilaya angezisoma kwenye karatasi kwa saa nzima. Watayarishaji wakaziweka ndani ya watu. Mkwaju alikuwa dereva wa lori mwenye wanawake njiani, na mkewe Tunu alikuwa nyumbani akibeba mzigo. Mchezo ulirushwa mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara, na kila sehemu iliacha jambo halijaisha. Dodoma haikurushiwa mchezo huo hadi 1995, ili watafiti walinganishe, na tofauti zilionekana, zikiwemo za matumizi ya uzazi wa mpango. Watu hawakuwa wanasubiri somo. Walisubiri kujua Mkwaju atafanya nini.

Kituo cha wilaya hakina uwezo wa kuajiri waigizaji, na hakiwahitaji. Kina kisima kimoja kilichoharibika. Jumatatu sema kiliharibika lini na fundi alisema nini. Jumanne lete sauti ya wanawake wanaotembea kwenda mtoni, iliyorekodiwa kule kule, ndoo zikisikika. Jumatano mgeni wa halmashauri aje ajibu hilo tu, dakika 15, salamu zikae nje ya studio. Alhamisi kamati ya maji ya kijiji ifungue daftari la michango. Ijumaa sema pampu imefika au haijafika, na kama haijafika, Jumatatu anza hapo hapo. Ahadi yenye tarehe ndiyo mechi yenu ya keshokutwa. Na penye tarehe, kiasi na jina la kifaa, mtangazaji hana haja ya kumtukana mtu wala kuogopa simu ya mtu.

Wakuu wa vituo, nawaomba jambo moja la kuanzia, na gharama yake ni ndogo kuliko tangi la mafuta ya jenereta: mtangazaji wa kipindi cha maji mpeni nauli ya kwenda kisimani kabla hamjampa maikrofoni.